Kopo la Tambuu

Jumatano, 3 Septemba

Nimechemsha kanga za kufungia kidonda, nimezianika, nimezikunja. Nimemwaga kopo la Mama la kutemea. Nimefukiza udi kabla wageni hawajaanza kuingia. Ndivyo siku zinavyoanza tangu tulipomrudisha Mama hapa kwetu Mtambile kutoka hospitali ya Unguja.

Wageni wengi leo. Msimu wa karafuu, kila anayepita barabarani na pakacha lake anakumbuka kuwa Mama, Bi Mize, anaumwa. Wanaingia, wanakaa mkekani, wanavuta pumzi kidogo kidogo kwa ajili ya harufu ya kidonda. Wanasema jipu hili litapasuka tu, inshallah.

Si jipu. Ni saratani ya titi, na imeshafika mifupani. Mimi najua. Kaka yangu Salim anajua. Nesi Raya anajua. Mama hajui. Salim ndiye aliyeingia kwa daktari kule Unguja, akatoka na neno jipu mdomoni, na mimi nikalipokea. Alisema Mama akijua atakata tamaa, atakufa kabla ya siku zake. Sikumbishia. Nimechoka kubishana na Salim tangu tuko wadogo.

Yeye kabaki Unguja na kazi yake. Mimi niko hapa na kopo.

Ijumaa, 5 Septemba

Raya kaja na vespa yake. Ni wa hospitali, kazi yake kuwafuata wagonjwa wa saratani majumbani. Amevaa buibui la kawaida, bila sare, maana Salim alimwomba kwa simu asije kama nesi. Alikubali hilo. Lakini alimwambia pia kwamba yeye hatalitaja neno saratani, ila Mama akimuuliza hatamdanganya. Salim hakupenda. Mimi nilimpenda Raya siku ile ile.

Ameosha kidonda, amenyunyiza unga wa vidonge alivyoviponda, amefunga. Harufu imepungua sana. Nilikuwa namaliza udi wa harusi bure.

Kisha akamuuliza Mama maumivu vipi. Mama akasema alhamdulillahi. Jasho linamtiririka puani, naye anasema alhamdulillahi. Nilimtoa Raya nje nikamwambia ukweli. Mama halali usiku. Akigeuzwa anauma pindo la kanga ili asilie. Dawa ile ya maumivu, ya maji, ya kijani, mbona haifanyi kitu?

Raya akaongeza kipimo kidogo.

Jumapili, 7 Septemba

Hakuna nafuu. Nampa dawa kwa bomba lile lisilo na sindano, naipitisha pembeni mwa shavu, anafumba mdomo, anatikisa kichwa kuniambia tayari. Baada ya muda anaanza tena. Mgongo, nyonga, bega la kushoto. Leo alishika mkono wangu akaubana mpaka ukaacha alama.

Sala hazimpiti lakini. Nampelekea birika na beseni, anatawadha kitandani, anasali kwa kukaa, anakunja uso kila anapoinama. Sijui anapata wapi nguvu.

Salim alipiga simu. Anasema yule msichana anatupa maji ya rangi. Nimekaa nalo neno hilo kutwa nzima na limeanza kunikaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemtolea Raya maneno mabaya. Nilimwambia dawa yake haimfai hata mbuzi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakukasirika, na hilo likanikera zaidi.

Akaniuliza maswali. Nampa kila mara inapofika saa yake? Nampa. Anameza mbele yangu? Anafumba mdomo, sasa nimfungue koo nichungulie? Anapata choo? Anapata, tena vizuri, kwa nini aulize hayo. Raya akachukua chupa ya vidonge dirishani, akaitikisa. Akasema dawa hii humfunga mtu choo, ndiyo maana alileta na vidonge vya kulainisha tumbo, navyo bado vimejaa chupani. Akammulika Mama macho kwa kitochi. Akasema kuna kitu hakimkai sawa na kwamba leo haongezi tena.

Nilimchukia. Mama anaumia, naye anauliza habari za choo.

Alhamisi, 11 Septemba

Salim kapiga simu hospitali, kapanda juu kwa juu mpaka kwa daktari. Raya kaja na maagizo mapya, kipimo kikubwa zaidi. Alinionyesha kwenye bomba mstari wa kufikia. Alinionyesha mara mbili. Akasema nimuangalie sana, akilala usingizi mzito usio wa kawaida nimpigie, wakati wowote.

Natamani angelala huo usingizi mzito.

Anaumia vile vile. Nimempa mpaka mstari mpya, anaumia vile vile. Kopo nimelimwaga mara mbili leo.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika usiku wa manane, chumba cha Mama bado kina taa.

Salim kafika na boti ya asubuhi. Alikuwa hajamwona Mama tangu Unguja. Alipomwona alivyokwisha, alibadilika uso, akajifanya kuchekacheka. Baada ya sala ya adhuhuri akasema leo dawa atampa yeye. Akakaa kitandani, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akampitishia dawa. Mama alimtazama. Akalitazama kopo lake pale chini. Akamtazama tena Salim, ambaye bado alikuwa amemshika, amemkaribia uso kwa uso. Akameza.

Nililiona hilo na sikulielewa.

Akalala. Uso ukafunguka. Mikunjo ile yote ya kipaji ikaondoka, nikaiona sura ya Mama niliyoisahau. Salim akaniangalia kama aliyeshinda kesi. Nikaenda uani kulia kwa furaha, basi, mimi mjinga.

Alasiri ikaadhiniwa, hakuamka. Nikasema apumzike. Magharibi ikakaribia. Nikamwita, hakuitika. Nikamtikisa. Pumzi zake zilikuwa zinakuja moja, halafu unangoja, unangoja sana, ndipo inakuja nyingine. Midomo imebadilika rangi.

Nikampigia Raya. Aliniambia nimkalishe, nimwite jina lake, nimsugue kifua juu katikati, nisimpe kitu chochote cha kunywa, na yeye yuko njiani. Nikamkalisha. Kichwa kilikuwa kinaniangukia begani. Nikamwita Mama, nikamwita Bi Mize, nikamwita kwa jina la baba yake. Salim alikaa ukumbini kajifunika uso. Hakunisaidia. Nilimwambia akafe huko huko alikokaa. Nimelisema na silirudishi.

Raya aliingia mtandio umemteleza shingoni, vespa kaiacha imelala njiani. Alikuwa na sindano ya kuivunja nguvu ile dawa. Alimpa kidogo, akangoja, akampa kidogo tena. Pumzi zikaanza kufuatana.

Mama alifumbua macho wakati muadhini anaadhini. Akasikiliza.

"Adhana ya nini hino?"

Nikamwambia ya isha.

"Na alasiri?"

Nikaanza kumfuta jasho. Akageukia ukutani.

Jumapili, 14 Septemba

Raya kalala kwetu, mkekani, kando ya kitanda cha Mama. Asubuhi akaniita pembeni. Alisema kipimo kile kisingemwangusha hivyo mtu aliyeizoea dawa. Kingemwangusha mtu anayeinywa kwa mara ya kwanza.

Nilikwenda kumwaga kopo, kama kila siku. Lilikuwa halina kitu.

Nilisimama uani na kopo mkononi. Mama hatafuni tambuu. Ameacha tangu mdomo wake ulipoota vidonda, kijaluba chake cha tambuu kimefungwa juu ya kabati, uraibu wenyewe, majani na popoo, umekauka ndani. Mtu asiyetafuna tambuu anatema nini? Nami nimekuwa nikimwaga kopo lile kila siku, na halijawahi kuwa tupu. Maji ya kijanikijani. Sikuyatazama. Mate ya mzazi hayatazamwi, humwagwa tu, na uso umeelekezwa pembeni.

Dawa yake yote nimeimwagia mgomba kwa mkono wangu.

Niliingia nikamuuliza. Hakukana.

"Yalevya," alisema. "Siku ya mwanzo niliinywa, sala mbili zikanipita. Jipu ndo likanizuilie sala, Zuwena? Jipu litapasuka. Mie nastahamili tu."

Jana asingeweza kutema mbele ya mwanawe wa kiume aliyemkumbatia. Aliona haya. Ndiyo maana alimeza.

Sikuweza kukaa mle chumbani. Anastahamili kwa sababu tulimwambia ni jipu. Anaumwa mifupa yote inayomshikilia, na anangoja lipasuke.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumegombana uani, mimi na Salim, kwa sauti za chini kwa ajili ya majirani. Alitaka tumwite Bi Mwanaisha, mwalimu wa darsa la kina mama, amwambie Mama kuwa dawa si kileo. Basi. Anywe, alale, asijue mengine. Lilikuwa shauri zuri na nilimchukia kwa uzuri wake.

Nikamwambia Mama si mjinga. Atauliza, jipu gani hili linalohitaji fatwa. Akasema nikimwambia nitamuua. Raya alikuwa anaosha mikono bombani. Tulimgeukia sote wawili, kila mmoja akitaka amtetee. Akasema mgonjwa ni wenu, na mimi nitakaa karibu, lolote mtakaloamua. Kisha akasema, "Ila anaumia kwa hesabu ya jipu ambalo hana, Bi Zuwena."

Niliingia. Salim akanifuata, akasimama mlangoni.

Sikutafuta maneno. Nilisema, "Mama, si jipu. Ni saratani. Imeenea, na madaktari hawana la kuitibu. Hii dawa ni ya kukuondoshea maumivu tu."

Alikuwa hajui. Niliuona uso wake na nikajua kwamba kweli alikuwa hajui, hata chembe. Alitazama kidonda chake kilichofungwa kama kitu alicholetewa sasa hivi.

"Mwajua tangu lini?"

"Tangu Unguja."

"Nyote wawili?"

"Sote."

Akaivuta shuka mpaka kidevuni. Halafu akasema, polepole, "Umri wangu huno, mwanifanya mtoto." Akatuambia tutoke. Tulitoka.

Jumanne, 16 Septemba

Hasemi nasi. Hali chakula. Maji kayapokea kwa Raya tu. Dawa kaikataa waziwazi, hakujisumbua na kopo.

Salim kakaa barazani kutwa. Alisema neno moja tu, "Umeona." Nilikuwa na mwiko mkononi, nikaurudisha jikoni kabla sijaufanyia kitu.

Naogopa. Labda Salim ndiye aliyesema kweli. Labda nimemuua.

Jumatano, 17 Septemba

Katuita baada ya alfajiri. Macho mekundu lakini sauti yake ile ile, ya kugawa kazi. Alisema Bi Mwanaisha aitwe. Si kwa jipu. Aitwe aelezwe ugonjwa ni upi na dawa ni ipi, naye asikie kwa masikio yake.

Bi Mwanaisha alikuja, akamuuliza Raya mengi kuliko nilivyotarajia. Mwisho akamwambia Mama dawa ya mgonjwa si pombe, na aliyepitiwa na usingizi husali akiamka, hana dhambi. Mama akauliza tena, kwa njia nyingine. Akajibiwa vile vile. Akauliza mara ya tatu. Bi Mwanaisha akacheka, akamwambia, "Bi Mize, wataka nikuandikie?"

Raya anaanza upya na kipimo kidogo kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuinywa. Maana ndiyo kweli. Amesema usingizi huo ni wa siku za mwanzo, mwili ukizoea unapungua. Wamepanga pamoja, yeye na Mama, dozi za mchana zifuate sala, ili usingizi ukija awe ameshasali. Mama ndiye aliyepanga. Raya aliandika tu.

Kaimeza mbele yangu. Kisha akafungua mdomo kunionyesha. Sikucheka, ila nilitaka.

Jumatatu, 22 Septemba

Kageuka kitandani peke yake. Kakaa. Kaomba kofia ya kushona aliyoiacha nusu alipoanza kuumwa, akashona safu moja ya vitobo, mishono imekwenda upande. Akaitazama akasema hii atavaa Salim, maana hajui kofia nzuri na mbaya.

Alasiri aliamka mwenyewe kabla ya adhana. Alilala na akaamka. Nililisema hili kwa Raya kwenye simu kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

Bado nina hasira na Salim. Zimepungua. Anamkanda Mama miguu kila jioni kabla ya chakula.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo ndipo palipokuwa pagumu. Wageni walijaa baada ya sala ya Ijumaa. Mmoja akaanza, jipu hili litapasuka tu. Mama akainua mkono.

"Si jipu," akasema. "Nna saratani, nakwenda zangu. Aliye na lake kwangu na aniambie nimtake radhi, na mie nimeshawasamehe nyote."

Nilitaka ardhi ipasuke. Watu wa hapa ugonjwa huu hawautaji, wanasema yale maradhi, wanashusha sauti. Mama kautaja kama anayetaja bei ya muhogo.

Kisha jirani yetu, ambaye yeye na Mama hawakusemezana miaka kwa ajili ya mpaka wa shamba, akasogea akamshika mkono. Wakalia wote wawili. Wengine wakafuata. Hakuna aliyezungumza habari za kupasuka. Walikaa muda mrefu, na hawakuvuta pumzi kidogo kidogo.

Wageni walipoondoka Salim aliingia. Sijui walisema nini. Alitoka na ile kofia kichwani, mishono upande.

Jumapili, 5 Oktoba

Hatembei tena. Dawa imeongezwa mara moja, pole pole, na inamfaa. Anaongea kidogo, kwa vipande.

Leo nilipokuwa namwosha kidonda alinishika mkono. Alisema akifa hataki waoshaji wa kuitwa. Anataka nimuoshe mimi. Nikamwambia sijui. Akasema ndo maana anifunza sasa. Akaniambia maji yawe vuguvugu, nianze upande wa kulia, nimfunike kila pahala nisipopaosha, nisiache watu wakachungulia. Nikawa namjibu naam, naam, huku namfunga bandeji.

"Na hapa," akasema, akagusa bega na ubavu wa kushoto, "usinisugue. Nimwagie tu."

Sikuwahi kuogopa kitu kama hicho. Na sikuwahi kuaminiwa hivyo. Nilimwambia sitasugua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama kafariki asubuhi. Alikuwa ameshasali, kwa macho.

Nimemuosha. Maji vuguvugu. Kushoto nilimwagia tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nyumba imerudi kimya. Salim yuko Unguja, anapiga simu kila siku, tunakaa tu na simu masikioni. Chupa za dawa zilizobaki nilimkabidhi Raya siku ya hitima. Kopo nimelisugua kwa mchanga, limerudi kabatini pamoja na kijaluba. Kila asubuhi nakuta nimeshaweka sufuria ya kuchemshia kanga jikoni. Naitoa.

Leo nimesikia vespa. Nilitoka nikamwambia Raya hapa hakuna mgonjwa tena, labda kasahau. Alivua viatu mlangoni.

"Nimekuja kukutazama wewe, Bi Zuwena."

Nikamtandikia mkeka pale pale walipokuwa wanakaa wageni. Nikamletea chai na mkate wa kumimina. Akaniuliza hali, nikasema sijambo, alhamdulillahi. Akanywa chai yake. Akaniuliza usingizi.

Nikaanza kumwambia nalala vizuri. Kisha nikamwambia kweli.